Nusu ya Kichwa

…na hata akisema wembe ni mpya, nimemwona akiutoa kwenye karatasi yake, bado ni wembe, na kichwa ni changu, na kwetu milimani Masisi mwanamke hanyolewi upara bila msiba, matanga yakiisha ndipo wanakukalisha kwenye mkeka wakunyoe, hapa wamenikalisha kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha la wodi ya kansa, saa nne asubuhi, kesho naanza dawa ile ya kuingia mshipani, nywele zitaanguka zenyewe, wamesema, afadhali tuzitoe mapema… tulia, shingo, tulia, Léonie ananishika kidevu kwa vidole vinavyonuka vitunguu, anauza vitunguu sokoni Majengo, na kila Alhamisi anafunga meza yake aje kutuogesha na kutuchokoza, hakuna anayemlipa, siku ya kwanza nilimuuliza anatafuta nini kwetu, akasema anatafuta mume mgonjwa asiyeweza kukimbia, wodi nzima ikacheka, mimi sikucheka, nilikuwa nawaza wangu, Damascène, aliyebaki na ng'ombe vita vilipopanda kilima, akasema tangulia na mtoto, nitawafuata, miezi miwili sasa, simu yake haiiti, binti yetu Chance yuko kambini Mugunga kwa jirani yangu Bénita, na mimi nina uvimbe huu titini, Damascène hata hajui kama umepewa jina, kansa… "Mama Chance, kichwa yako iko muzuri, zingine tunanyoaka zinatokaka na kona," anasema Léonie, upande wa kushoto tayari una baridi, nywele zimelala mapajani, anangoja nicheke, sina kicheko, nina kiapo tu, nimeapa peke yangu bila kumwambia mtu, habari ya Masisi ikija mbaya nachomoa sindano yao natoka, nipone nirudi kwa nani, nimpikie nani…

Sauti gani hiyo, nje, wanawake, labda kwaya, Alhamisi kwaya hupita, hapana, huo si wimbo, namjua anayetangulia, ni Bénita, Bénita analia uani, na wengine nyuma yake, "Damascène, eee, Damascène wetu," jina lake, wametaja jina lake, basi, wamepata habari, ndiyo hiyo, imekuja kwa miguu kutoka Mugunga, mikono yake, alikuwa akipasha mikono moto kwapani kabla ya kukamua ili ng'ombe asishtuke, nani amemzika, je, amezikwa, Léonie ameinua wembe, mkono umesimama hewani, na kinywa changu kinasema neno, nimelisikia likitoka, sikulituma, "Unasema nini, mama?" anauliza Léonie, papa Honoré amekwisha toka mbio na ndoo mkononi, yule mzee anayejitolea kutuchotea maji na kutupigia simu kwa ndugu, kwa nini hawanyamazi, Chance yuko nao, anasikia, amejua kabla yangu… anarudi, papa Honoré, mbona hacheki, huyu hucheka hata akimwaga vyombo vya wagonjwa, amevua kofia, Mungu wangu, amevua kofia.

"Mama, unisamehe, kosa ni yangu. Jana niliita kule Mugunga, nikasema kesho tunamunyoa mama Chance, mukuye mumusindikize. Basi banasema mutu hanyolewaka bure. Bakatafuta nani hayuko, bakaona ni bwana yako. Bamekuya na kuni ya matanga, mama. Mizigo tatu."

"Nani aliwaambia amekufa?"

"Hakuna mutu. Balisikia tu wembe."

"Na habari yake?"

Anaifinya kofia. "Habari yake hakuna. Ya muzuri hakuna, ya mubaya hakuna."

"Papa Honoré," anasema Léonie, "wewe unaua batu na telefone! Enda useme kuni iingie jikoni, bale balilia bure batakula maharagi, na bale balilia sana baongezewe."

Wodi inacheka, mama wa kitanda cha tatu anashika mshono wake akicheka, na mimi, kumbe na mimi, kicheko kinanitoka na machozi pamoja, nusu ya kichwa upara, huko nje Bénita bado anamlilia mtu ambaye hakuna anayejua kama amekufa, kisha hofu inarudi palepale ilipokuwa, hajafa, hajapatikana, simu haiiti, hakuna kilichobadilika… Léonie anainama sikioni, pole pole, bila utani sasa, "Ile wakati balianza kulia, ulisema nini? Sikusikia muzuri," na wembe wake bado uko hewani, na mimi najua nilichosema, nilisema maliza, hilo tu, maliza, nikiamini kabisa kwamba amekufa, mume wangu, sikuita jina lake, sikuinuka, kiapo sikukikumbuka, niliogopa tu Léonie asije akaacha kunyoa, kesho ya dawa ikafika bila mimi, aibu gani hii, mwanamke gani huyu, miaka kumi na tisa nimelala ubavuni kwake, Damascène, popote ulipo, nisamehe, nataka kupona, hata usiporudi.