Gari la Zimamoto Saluni kwa Mugure

Mugure alikuwa ameshapaka dawa ya kulainisha nywele kichwa kizima cha Mwalimu Gumato alipofungua mfereji wa saluni na kuusikia ukikohoa. Ulitema maji kidogo yenye kutu, ukanyamaza.

Hakushtuka mara moja. Ilikuwa Agosti, upepo ulikuwa unazungusha vumbi tangu asubuhi, na mifereji ya mtaa ule haikuwa ya kuaminika. Nyuma ya saluni kulikuwa na pipa la akiba. Alichosahau ni kwamba shule zilikuwa zimefungwa, Siku ya Jamii ilikuwa Jumamosi, na wiki nzima wanawake walikuwa wamemiminika kwake wakitaka vichwa vya kwendea uwanjani kutazama mbio za ngamia. Alipoliinamisha pipa, hakikutoka kitu.

"Unasikiaje, mwalimu?" aliuliza akirudi ndani.

"Inaanza kuwasha."

"Vumilia tu. Mwenye punda ataleta maji sasa hivi."

Akatoka tena kumpigia simu mwenye punda. Mwenye punda akasema punda ameingia soko la mifugo na amekataa kutoka.

Gumato alifundisha chekechea na alikuwa mtu wa kuvumilia kelele, lakini dawa ile si kelele. Ikikaa kichwani kupita kiasi, inachoma ngozi. Mugure akakimbia hoteli ya jirani yake, Halimo, mwanamke wa makamo ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Hibo kwa jina la bintiye.

"Mama Hibo, una maji?"

"Nina chai ya maziwa ya ngamia. Itafaa?"

Wakaenda pamoja saluni. Gumato alikuwa amefumba macho, machozi yakimtoka.

"Kichwa changu kinaungua," alisema.

"Kinaungua kweli, abaayo, dada yangu?"

"Kinaungua, Mama Hibo."

Halimo akatoa simu. Wiki nzima Sheila, msichana anayesoma habari za kaunti redioni, alikuwa akitaja namba mpya ya zimamoto kwa sauti yake laini na kuwaomba wananchi wasisubiri moto ukue. Halimo alikuwa ameikariri.

"Salaam aleikum," alisema. "Kuna kitu kinaungua hapa karibu na kinu cha unga. Ndiyo, ndani ya nyumba. Ndiyo, kuna mtu. Ameketi, hawezi kutoka. Kujeni haraka."

Akakata simu. Mugure alikuwa amejishika mdomo.

"Mama Hibo, umewadanganya."

"Neno gani hapo ni uongo? Nionyeshe moja."

Gari lilifika likipiga king'ora, jekundu, limejaa maji. Achuka, kijana mrefu wa zimamoto, akaruka chini akiburuta mpira wa maji.

"Moto uko wapi?"

"Kuja nyuma," Halimo akamwambia. "Lakini ugeuze uso. Mgonjwa hana mtandio."

Uani, wanawake wa jirani walikuwa wamekwisha kunyoosha leso kumzunguka Gumato kama hema. Achuka akanusa hewa. Hakusikia moshi, alisikia harufu ya dawa ya nywele, harufu aliyoijua kutoka kwa dada zake. Akasimama akiwaza. Kisha sauti ya Gumato ikatoka ndani ya leso, ya upole kabisa: "Ndugu yangu, tafadhali, sina ngozi nyingine."

Achuka akawapa mgongo, akaupitisha mpira juu ya leso na kumwambia mwenzake afungue polepole. Mashine ile haikuwa imetengenezwa kwa mambo ya polepole. Mkupuo wa kwanza uliangusha kiti kilichokuwa pembeni na kumlowesha Mugure kuanzia kilemba mpaka viatu. Wa pili ulimpata mgonjwa. Kutoka ndani ya leso kukasikika pumzi ndefu ya mtu aliyefika nyumbani.

Achuka alipogeuka kuondoka, alikuta mitungi imepangwa kutoka uani mpaka barabarani.

"Na hii nayo inaungua?"

"Imekauka sana," Halimo akasema. "Inaweza kushika wakati wowote."

Angekataa, lakini mtungi wa mbele ulikuwa umeshikwa na mama mkwe wake. Achuka akafungua maji.

Ofisini, mkubwa wake alimuuliza mambo yalivyokwenda. Huyu alikuwa Wambugu, afisa wa usalama, mtu nadhifu aliyeihangaikia ile namba mpya mwaka mzima. Achuka akasema moto umezimwa, mwalimu mmoja wa chekechea ameokolewa, ameumia kidogo kichwani. Wambugu alifurahi hata akasahau kuuliza zaidi. Akawapigia watu wa redio.

Saa ya chakula cha mchana Sheila akasoma habari. Alianza na barabara ya Garbatulla iliyoharibika, akaonya juu ya ndovu walioonekana karibu na Gotu, kisha akasema: "Na hapa mjini, mwalimu wa chekechea ameokolewa na kikosi cha zimamoto akiwa na majeraha ya kichwa. Hali yake inaendelea vizuri."

Gumato aliisikia habari hiyo akiwa bado saluni, Mugure akimkausha nywele. Kabla hajasema lolote, simu yake ililia. Alikuwa shangazi yake wa Garbatulla.

"Uko hai?"

"Niko hai, shangazi."

"Usinifiche kitu, mtoto wangu."

"Shangazi, ni nywele tu."

"Zimeteketea zote?" shangazi akauliza, na simu ikakatika.

Kesho yake lori la mbuzi lilishusha mbele ya hoteli ya Halimo shangazi, wajomba, binamu na kondoo mmoja wa pole. Wanaume walikaa nje kunywa chai. Shangazi aliingia saluni, akafunga mlango, akamwambia Gumato avue mtandio aone kidonda. Gumato akavua. Nywele zikashuka mabegani, nyeusi, zinang'aa, zimelala kama hariri.

Shangazi alizitazama kwa muda mrefu. Akazishika, akazinusa. Kisha akamgeukia Mugure, ambaye alikuwa ameanza kutunga maneno ya kuomba msamaha.

"Huo moto," shangazi akasema, "na mimi naweza kuupata?"

Halimo alicheka mpaka akaketi chini. Lakini Mugure hakucheka kwa muda mrefu, maana jioni hiyo Wambugu alikuja mwenyewe, kofia mkononi, kumjulia hali mwalimu na kumwomba asimame uwanjani Jumamosi, mbele ya wageni wote, aeleze jinsi zimamoto ilivyomwokoa. Gumato aliinamisha kichwa chini ya mtandio wake, akakubali.

Wambugu alipoondoka, Mugure alisema, "Watafunga saluni yangu. Tumfuate tumwambie ukweli."

"Ukweli upi?" Halimo akauliza. "Mimi sijasema uongo. Achuka hajasema uongo. Hata Sheila hajasema uongo."

"Mwalimu, utasema nini?"

"Watoto wa darasa langu watakuwa pale," Gumato akasema.

Mugure hakulala vizuri. Jumamosi alikaa uwanjani karibu na lango, tayari kutoroka. Ngamia walikuwa wanaguna upande mmoja, sufuria za mashindano ya kupika zinafuka upande mwingine. Achuka, sare imepigwa pasi, alionyesha jinsi ya kuzima moto wa jiko kwa blanketi iliyoloweshwa. Watu wakapiga makofi. Kisha Wambugu akampa Gumato kipaza sauti.

"Niliokolewa kwa sababu jirani yangu alipiga simu na zimamoto ikaja upesi," Gumato alianza, kwa sauti ile ile ya kuwasomea watoto hadithi. "Kichwa changu kiliungua. Nilikuwa nimepakwa dawa ya nywele saluni, na mfereji haukuwa na tone la maji. Achuka alinisuuza vizuri. Nawashukuru wote."

Akarudisha kipaza sauti, akaketi.

 Kutoka upande wa wanawake wa mtaa ule, mtu mmoja alishindwa kujizuia, na kicheko kikazunguka uwanja mzima mpaka kwa wageni kwenye viti vya mbele. Wambugu alisimama kama amepigwa na jua. Akamgeukia Achuka, na kipaza sauti kilikuwa bado kimewashwa.

"Ulijua?"

"Nilijua nilipofika, bwana."

"Na ukafanya nini?"

"Niliuzima."

Hapo hata Wambugu uso ulimshinda. Alijifuta jasho, akakohoa, akawaambia wananchi kwamba namba ile ni ya moto, si ya kusuuza nywele, na kwamba siku nyingine atakayeichezea atamwona yeye mwenyewe. Kisha, kwa sababu kila mwanamke pale alikuwa anamkazia macho, akaongeza kwamba gari litapita mtaa ule kugawa maji mpaka bomba litengenezwe. Makofi aliyopata yalizidi ya Achuka.

Kwenye habari za jioni Sheila alijaribu kusahihisha. Alifika kwenye maneno "majeraha ya kichwa yaliyotajwa awali," kicheko kikamponyoka, na akaweka muziki bila kumaliza.

Bomba lilichimbuliwa, likaachwa wazi, likachimbuliwa tena. Shule zilifunguliwa kabla halijatengemaa. Gari lilipita kama lilivyoahidiwa, isipokuwa siku moja lilipokwama mchangani. Mugure aliacha kuogopa taratibu. Asubuhi moja mlangoni alisimama mama mmoja mnene, mpole, mgeni kwake, akitazama nyuma kama mtu anayefuatwa.

"Habari yako. Mimi ni mke wa Wambugu," alisema. "Hajui kwamba nimekuja."

Mugure alimvutia kiti.