Njia Iliyofunikwa na Majani

Sikuzani, jirani wa Mwamvua na mama yake, aliapa kwamba mtendaji wa kijiji, Samweli, alirudi kutoka semina ya Mikumi na gari jeupe la wafadhili, amekumbatia ramani ndefu kama doti zima la kanga, na alipoulizwa njia ya ng'ombe iko wapi, akajibu, "Ng'ombe gani?"

"Sikuzani, na wewe kwa chumvi!" Mwamvua alisema, akichambua maharage.

"Haya, nenda ofisini ukaone. Shamba la mama yako sasa limefika mtoni. Hongereni, matajiri!"

Mwamvua hakucheka. Kati ya shamba lao na mto kulikuwa na hatua thelathini, na hapo ndipo ng'ombe wa kina Koileken, wafugaji wa nyikani, walipopita kila kiangazi kwenda kunywa. Kijiji cha pili waliziba njia kama hiyo, wakulima na wafugaji wakapigana. Shemeji yake, aliyekuwa akilima huko, mpaka leo anatembelea gongo.

Akaenda ofisini.

"Shikamoo, mtendaji."

"Marahaba. Umekuja kuona kazi yetu?"

Ramani ilikuwa ukutani. Mwamvua aliifuata kwa kidole taratibu: msikiti, shule, mfereji. Rangi ya mashamba ilikwenda hadi mtoni bila kukatika.

"Mlipima lini?"

"Mwezi wa nne. Semina ya kwanza ilitufundisha tusikae mezani, tutembee, tuandike tunachokiona."

Mwezi wa nne! Masika yote ng'ombe hunywa madimbwini kule kwao, na njia inaota majani hadi kiunoni. Samweli alikuwa na miezi mitano tu hapa, angejuaje?

"Mliandika majani, mtendaji. Ile ni njia."

Samweli alivua miwani. "Nilitembea na kamati ya ardhi. Niliuliza, hapa pana mwenyewe? Mama yako, mjumbe wetu, alikuwa mbele yangu kabisa. Hakusema kitu." Akaitazama ramani. "Ijumaa mkutano wa kijiji unaipitisha. Mjumbe wa kamati akisimama, nitaifuta mbele ya wafadhili, hata wakinicheka."

Mwamvua alimkuta mama yake mtoni. Alikuwa ameshafyeka hatua kama kumi za njia, na kando yake miche ya nyanya ilisubiri kwenye beseni.

"Mama," alisema, "Ijumaa simama useme njia ilikuwa hapa. Ukisema wewe, wataamini."

Mama aliinua fyekeo, akalishusha kwenye majani, akaanza hatua ya kumi na moja.