Giaboksi la Mbuya Maidei

Kwenye meza ya ukaguzi ya forodha mpakani, kati ya friji iliyofungwa kamba na gunia la viatu vya mitumba, lilikaa giaboksi lililong'aa kama bwana harusi. Taruvinga alilishika kwa mkono mmoja lisibiringike. Kwa mkono wa pili alishika kofia yake, maana mbele ya afisa Ndoro watu walivua kofia hata kama jua lilikuwa linawachemsha utosi.

"Jipya," alisema afisa Ndoro.

"La mtumba, Mkuu. Limetoka kwenye gari lililopinduka. Nimelinunua jana yadi ya ng'ambo."

"Mimi nina macho au sina?"

Taruvinga alikiri kwamba Mkuu alikuwa nayo, tena mawili.

"Basi linang'aa. Kama ni la mtumba, mafuta yako wapi? Kutu iko wapi? Lipia ushuru wa kitu kipya, au kaa pembeni wenzako wapite."

Ushuru wa kitu kipya ulizidi bei ya giaboksi lenyewe. Taruvinga akakaa pembeni.

Alikuwa dereva, fundi na mwosha magari wa Chama cha Kuzikana cha Gwenhamo, chenye gari moja: pikapu nyeupe yenye kibanda nyuma na mapazia ya zambarau. Giaboksi la pikapu hiyo lilitafuna meno yake mapema wiki ile. Siku mbili baadaye, kwa ratiba ambayo hata adui wa chama asingeipanga vizuri zaidi, alifariki Mbuya Maidei, bibi kizee aliyekuwa mwanachama tangu chama kianzishwe. Kaburi lilikuwa tayari. Mwili ulikuwa mochari ya mjini, ukisubiri kupelekwa Gwenhamo kabla jua halijazama.

Mbuya Maidei alilipa ada zake zote kwa kuuza viwavi vya kula vilivyokaushwa, na kila mkutano wa mwaka aliinuka kutoa agizo lilelile: "Siku yangu mnibebe kwa gari letu. Na msinikimbize. Nataka kuiona njia."

Kosa la Taruvinga lilikuwa usafi. Katika chama kile, kitu kichafu hakiingii kwenye gari la marehemu. Hata gurudumu la akiba huoshwa kabla ya maziko. Kwa hiyo jana, pale pale yadini, alilisugua giaboksi kwa mafuta ya taa na mswaki, akalipaka rangi ya fedha. Muuzaji alimtazama hadi akashindwa kuvumilia.

"Wewe, unaliosha au unalioa?"

Sasa ilipofika saa ya chakula na afisa Ndoro akaondoka kwa heshima zote kwenda kula sadza, ugali wa kwao, Taruvinga alilibeba giaboksi mpaka nyuma ya jengo, mahali malori yanapodondosha mafuta. Akapiga magoti. Akachota tope jeusi, akalipaka kila upande, akasugua rangi kwa jiwe, akalimwagia mchanga.

Dereva mmoja wa lori, aliyekwama kwenye foleni hadi akaanika nguo zake kwenye kioo cha pembeni, alichungulia.

"Kaka, unalizika?"

"Nalizeesha."

"Ukimaliza nizeeshe na mimi, labda watanihurumia."

Mezani alimkuta afisa mwingine, Mai Muzvidzi, akinywa togwa kwa mrija. Alilitazama giaboksi kama mtu aliyeletewa mtoto mwenye makamasi.

"Hili chakavu," alisema.

"Ahsante sana, Mama! Mungu akuzidishie."

"Spea chakavu haziingii bila kibali, na kibali kinatoka makao makuu. Halafu hujaliosha! Udongo wa nchi za watu hauingii hapa. Unaleta magonjwa ya mimea."

"Mama, udongo huo si wa ng'ambo. Nimeuchota hapo nyuma ya jengo lenu."

Mai Muzvidzi aliacha mrija.

"Kwa hiyo umebadilisha sura ya mzigo ndani ya eneo la forodha."

Wakati huohuo afisa Ndoro alirudi na kijiti cha meno mdomoni, ameshiba, na amani tele usoni. Mwenzake akamweleza. Ndoro akalizunguka giaboksi kwa makini.

"Asubuhi niliandika jipya moja," alisema. "Hapa naona chakavu moja. Lile jipya umelipitisha wapi?"

"Mkuu, ni hilihili!"

"Haiwezekani. Mimi niliona jipya, Mama hapa anaona chakavu. Unataka kusema mmoja wetu ni mwongo?"

Foleni nzima ikatulia. Hata mwenye friji aliacha kulalamika. Taruvinga alikuwa na jibu, lakini lilikuwa jibu la kumlaza mtu mahabusu.

"Hapana, Mkuu."

"Basi linabaki mpaka lile jipya lipatikane. Na ghala letu si la bure."

Walilisukuma sakafuni kwa mguu, likaacha mstari mweusi hadi mlangoni.

Simu ikalia. Alikuwa Mavhunga, mtoto wa marehemu.

"Mtani, uko wapi? Mochari wanataka kufunga."

"Niko mpakani bado."

"Giaboksi si umepata?"

"Nilipata. Tafuta punda."

"Nini?"

"Punda wa mzee Chauke, na mkokoteni wake. Uende sasa hivi, Mavhunga."



"Mama alitaka gari."

"Najua alichotaka."

Akakata simu, akavaa kofia.

Mkokoteni uliingia Gwenhamo jua likiwa limegusa miti. Mapazia ya zambarau yalikuwa yamefungwa kwenye mbao za pembeni, na punda walitembea kama kawaida yao, kila mmoja na mawazo yake. Hakuna aliyemkimbiza Mbuya Maidei. Njia aliiona yote.

Taruvinga, aliyewahi maziko kwa lifti ya lori, alikuwa mtani wa ukoo wa marehemu, na makaburini mtani hunena apendavyo. Hakuna anayeruhusiwa kununa. Watu walimngoja amwigize marehemu: mwendo wake wa bata, na jinsi alivyopima viwavi kwa kikombe chenye kitako kilichobonyea. Lakini yeye aliokota kijiti, akakitia mdomoni, akaketi juu ya rundo la udongo, akainua mkono.

"Simama! Mzigo gani huo?"

Wabebaji wa jeneza wakasimama.

"Ni Mbuya Maidei!" watu wakajibu.

"Mpya au wa mtumba?"

Shangazi mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Ametumika! Tumemtumia sote mpaka kaisha!"

Kicheko kikaanza kutambaa.

"Kibali cha makao makuu?"

"Hana!"

"Ameoshwa?"

"Ameoshwa!"

"Ala! Basi anang'aa! Ni mpya, alipe!" Taruvinga alitoa kijiti mdomoni, akamwelekezea Mavhunga. "Na mwanamke mliyesema ametumika, mmempitisha wapi?"

Mavhunga alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka, ameshika mbavu. Alitia mkono mfukoni, akatoa viwavi vikavu, vya mwisho alivyovianika mama yake, akaviweka kwenye kiganja cha mtani kilichokuwa kimeshanyooshwa.

"Mkuu," alisema, "tusaidiane. Ng'ambo wanamsubiri."

Taruvinga alivitia mdomoni, akatafuna taratibu, kwa uzito wa afisa anayefikiri. Alipojaribu kusema tena, sauti ya afisa Ndoro haikuja. Ilikuja yake.

"Pita, Mama," alisema, akashuka kutoka juu ya udongo. "Pita tu."