Mahindi ya Juu ya Meko

Mzizi wa kwanza ulichomoza Jumamosi, mweupe na mwembamba kama uzi wa kushonea, na watoto wakapigana vikumbo kuuona. Kopo lilikuwa la maziwa ya unga, limewekwa pamba iliyoloweshwa maji, na juu ya pamba punje ya hindi ilikuwa imepasuka na kutoa kitu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukitazama kwa karibu namna ile, ingawa wote walikuwa wamezaliwa na kukulia shambani. Grasiana aliwapa lenzi wapokezane. Mwaija alipofikiwa na zamu yake alifumba jicho moja, akatulia muda mrefu mpaka wenzake wakaanza kumsukuma.

"Unaona nini?" Grasiana aliuliza.

"Una nywele," Mwaija akajibu kwa mshangao. "Mwalimu, mzizi una nywele!"

Siku hiyo Grasiana aliona kwamba hakuna kazi duniani iliyo bora kuliko yake, na wala hakuwa akilipwa. Chama chao kilikuwa cha watu wachache wa Korogwe, walimu pamoja na mganga mmoja mstaafu, waliochoka kuona watoto wakikaririshwa sehemu za ua ubaoni ilhali maua yenyewe yamejaa nje ya dirisha. Mwaka ule wa sabini na nne, watu walipohamishiwa kwenye vijiji vipya vya ujamaa ambavyo vingine havikuwa na shule bado, chama kikaamua kuwafuata watoto hukohuko na kuwafundisha elimu ya viumbe kwa mikono: kuchimba, kunusa, kupima, kulea. Kila Ijumaa, vipindi vyake vya mjini vilipokwisha, Grasiana alidandia lori la chakula cha msaada hadi kijiji kimoja cha Handeni, upande wa Mazingara, ambako nyumba zilikuwa bado zinanuka udongo mbichi.

Lori lilibeba chakula cha msaada kwa sababu mvua ilikuwa imewatupa mkono watu wa Handeni. Watu walikula mahindi ya njano kutoka ng'ambo, ambayo walikuwa wameshayabatiza Yanga, wakatania kwamba sasa hata anayeshabikia Simba lazima aimeze Yanga. Walicheka, lakini walikuwa wamekonda.

Kwa somo la kuotesha mbegu, Grasiana alikuwa amewaambia watoto waziwazi: "Leteni mahindi. Leteni mengi, na yawe yale mazuri kuliko yote yaliyopo nyumbani kwenu." Mtu aliyelelewa na mkulima asingetamka maneno hayo mwaka wa njaa. Lakini Grasiana alilelewa kambini, kwenye mashamba ya mkonge. Baba yake, Ponsiano, alitoka Songea kuja kukata katani, na mahindi aliyoyajua binti yake yalikuwa ya posho: kila wiki mtu alikwenda kupanga foleni na gunia lake, nyapara akapima, yakaisha, wiki iliyofuata yakaja mengine. Hakuwahi kuona mahindi yasiyogusika. Hakuwahi kukaa katika nyumba ambamo watu wanalala na njaa na huku juu ya vichwa vyao, darini juu ya meko, yananing'inia mahindi yaliyofungwa mawilimawili kwa maganda yake, yakikaushwa na moshi kungoja mvua.

Watoto wengi walileta punje za njano za msaada. Zilivimba, zikanuka, zikaoza. Ni Mwaija peke yake aliyeleta punje nyeupe, ngumu, zenye harufu ya moshi, na ni hizo zilizoota. Grasiana aliisikia harufu hiyo na asijiulize imetoka wapi. Badala yake alimsimamisha mtoto mbele ya wenzake. "Mnamwona huyu? Huyu ndiye mwanasayansi wetu. Nimesema mazuri, ameleta mazuri."

Mtoto aliyesifiwa hivyo atafanya nini? Jumamosi iliyofuata Mwaija alileta hindi zima. Ile nyingine akaleta mawili, na baadaye akawa anakuja nayo kwenye upindo wa kanga. Grasiana akanogewa. Punje nyingine aliziweka gizani, nyingine juani, nyingine akazizamisha kwenye maji mpaka zikachacha. Zilizoota aliwaagiza watoto wazing'oe ili wapime mizizi, kisha wazitupe na kuanza upya. Na ili waelewe kwamba mbegu ni kitu kilicho hai, akateleka sufuria akazichemsha nyingine, wakaona wenyewe kwamba iliyopita motoni haioti tena. Zilizobaki sufuriani watoto walizila kwa furaha, na hata hilo akalihesabu kuwa ni mafanikio ya somo.

Basi siku ikafika ya wageni. Ndugu Ernesti, mwenyekiti wa chama, aliwaleta maofisa kutoka Tanga waje kuona darasa hilo lisilo na madawati, kwa matumaini kwamba wataruhusu lianzishwe hata vijijini kwingine. Haikuwa ruhusa ya kupatikana kirahisi. Tayari kulikuwa na minong'ono kwamba watoto wanachezeshwa wakati wanahitajika shamba la kijiji. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ya vuli ilianguka, ya kwanza ya maana kwa muda mrefu, na asubuhi kijiji kizima kilikuwa kinatembea na majembe. Wageni walifurahi wakasema wamekuja na neema. Mwaija alikuwa amesimama kando ya makopo akimweleza mmoja wao habari za nywele za mzizi, na mgeni ameinama anasikiliza kwa heshima zote, ndipo mama yake alipoingia.

Zamda hakuja kwa kelele. Angekuja kwa kelele pengine mambo yangekuwa mepesi, maana mwanamke anayefoka mbele ya wageni hutafutiwa mtu wa kumtoa nje. Yeye aliingia polepole, kanga yake imelowa, miguu ina matope, akasalimia watu wote kwa adabu. Mkononi alishika maganda makavu ya mahindi yaliyofungwa mawilimawili, hayana kitu.

"Samahanini wageni," alisema. "Mwalimu, nina neno moja tu, halafu nakwenda. Mvua imenyesha. Nimepanda darini nichukue mbegu, nimekuta haya. Mwanangu anasema amekuletea wewe, na kwamba ulimwagiza. Ni kweli?"

Ndugu Ernesti alimtazama Grasiana kwa macho yaliyokuwa yanamwomba. Mgeni aliyekuwa ameinama akanyanyuka. Na Grasiana ndipo kwanza akafahamu alichokuwa amekifanya. Aliwaza juu ya darasa. Hivyo ndivyo alivyojiambia baadaye, kwamba aliwaza juu ya darasa, juu ya watoto wa vijiji vingine. Lakini ukweli ni kwamba aliwaza juu yake mwenyewe, jinsi atakavyoonekana.

"Mimi nilisema kila mtoto alete punje za kujaa kiganja, Mama Mwaija," alijibu kwa upole wa kitaalamu. "Sikumwambia mtu achukue mbegu."

La pili lilikuwa kweli, la kwanza uongo, na aliyapanga hivyo ili moja libebe jingine. Kila mtoto mle ndani alijua. Wote walikuwepo aliposema leteni mengi, wote walimsikia akimsifu Mwaija. Lakini watoto wa kule hawamsahihishi mkubwa mbele ya wageni. Waliinamisha vichwa wakatazama miguu yao.

Zamda akamgeukia mwanawe. "Umemsikia mwalimu?"

"Nimemsikia."

"Kwa hiyo uliiba."

Mwaija alimtazama Grasiana. Halikuwa jicho la kulaumu. Grasiana angelipenda liwe la kulaumu. Lilikuwa lilelile alilolitumia kwenye lenzi, limetulia, linasubiri kitu kitokee. Kilipokosa kutokea, akamgeukia mama yake. "Ndiyo, mama," alisema.

Wakaondoka. Mmoja wa wageni alicheka kidogo akasema watoto ni watoto tu, akaomba aonyeshwe tena ule mzizi. Grasiana akamwonyesha. Wageni walipokwisha kupanda gari, Ndugu Ernesti alimshika bega. "Ulijibu kwa busara sana," alimwambia. "Ungekiri pale, leo tungekuwa tumelifunga darasa." Angempiga kofi lingemuuma zaidi, au pengine pungufu, hakujua.

Alirudi Korogwe kwa lori lililokuwa tupu. Nyumbani kambini mama yake, Justa, alimwekea ugali, yeye akawa anaukodolea macho.

"Mama," aliuliza, "sisi tuliwahi kuweka mbegu?"

"Mbegu ya kupanda wapi? Shamba lilikuwa la mzungu," mama yake akasema. "Kula, chakula kinapoa."

Hakula. Kwa mara ya kwanza alijaribu kuhesabia maisha ya Zamda mbele, kama alivyowafundisha watoto kuhesabia mmea siku zake, akaona kila njia inaishia palepale. Mahindi ya msaada yasingekuja milele. Punje za njano hazioti. Majirani walikuwa na mbegu za kuwatosha wao, na kila siku ya mvua iliyopita ilikuwa imepita moja kwa moja. Mwanamke yule alikuwa amewanyima wanawe hindi la kutafuna mwaka mzima wa njaa ili siku hii asikose cha kufukia ardhini. Alivumilia kilio chao. Na kilio hicho chote kilikwenda kuozeshwa ndani ya makopo ya maziwa ili Grasiana asifiwe na maofisa wa Tanga. Alijionea haya mpaka akashindwa kukaa karibu na mama yake mzazi, akatoka nje.

Jumatatu aliomba ruhusa shuleni akaenda Kerenge, ambako mvua haikuwa imewasahau watu sana. Alimfahamu huko bibi mmoja, Bibi Fatu, aliyekuwa akileta mboga kambini zamani. Bibi alimkaribisha mkekani, akamsikiliza akiomba mbegu, kisha akauliza swali ambalo kwao lazima liulizwe, maana mwenye mbegu hataki kuipeleka yake penye mkosi.

"Yako imepatwa na nini?"

Grasiana alikuwa ameandaa jibu njia nzima. Angesema panya. Kila mtu anawaamini panya. "Ilikuwa ya mtu. Tuliichemsha," alijikuta anasema.

"Mliichemsha?"

"Nyingine tuliiozesha makusudi. Nyingine tuliing'oa ili tupime mizizi."

Bibi Fatu alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Alimwomba arudie, akacheka tena. "Ama kweli kusoma! Na mwenyewe alikuwa wapi mkimchemshia mbegu yake?"

"Hakujua. Nilimwagiza mwanawe. Halafu mama alipokuja kuuliza, nikamkana mtoto mbele za watu. Akaitwa mwizi."

Kicheko cha bibi kikakatika. Alinyanyuka, akaingia jikoni. Alitoka na mahindi ya punje nyeupe, maganda yake meusi kwa masizi, akayaweka kwenye kikapu na kukifunika kwa jani la mgomba. Grasiana alipopiga goti kumshika mkono kwa shukrani, bibi aliuondoa.

"Nimempa mama wa mtoto," alisema. "Wewe sijakupa kitu."

Huko kijijini Handeni, Grasiana alimkuta Zamda shambani akichimba mashimo. Mvua ilikuwa imenyesha tena, udongo ulikuwa mweusi na laini, na mwanamke yule alikuwa anapiga mstari ulionyooka wa mashimo ya kupandia, moja baada ya jingine, ingawa hakuwa na cha kupanda. Kwenye mashamba ya jirani wanawake walikuwa wanafukia mbegu zao huku wakizungumza. Grasiana alitua kikapu. Alikuwa ameamua njiani kwamba atasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, kwa kuwa na uongo aliusema mbele ya wote.

"Mama Mwaija! Mwaija hakuiba. Mimi ndiye niliyesema walete mengi, na yaliyo mazuri kuliko yote. Mimi ndiye niliyemsifu ili alete zaidi. Siku ile nilidanganya."

Wanawake wa mashamba ya jirani waligeuka kutazama. Zamda aliegemea mpini wa jembe.

"Punguza sauti, mwalimu."

"Nataka wasikie."

"Wewe unataka," Zamda alisema taratibu. "Mimi najua tangu siku ileile. Aliniambia njiani, neno kwa neno."

Grasiana alimsogelea. "Sasa kwa nini hukurudi? Ungerudi ukanisema mbele ya wale wageni. Ilikuwa haki yako."

"Nilishageuka nirudi, tena kwa hasira, Mungu anisamehe. Mtoto akanishika kanga, akakataa kuniachia. Akasema, mama, ukimwaibisha hatakuja tena." Zamda alifunua jani la mgomba, akachukua hindi moja, akalipukuchua kwa kidole gumba na kutia punje moja mdomoni, akaing'ata kujaribu ugumu wake. Alitikisa kichwa kukubali. "Kwa hiyo nikaacha aitwe mwizi. Alitaka mwenyewe."

Grasiana alikuwa amekuja na aibu aliyodhani ameipima upande wote, akakuta chini yake kuna nyingine.

Mwaija alikuwa anakuja kutoka kisimani, ndoo kichwani, hajui lililosemwa. Alipomwona mgeni aliharakisha, akatua ndoo, akafuta mikono kwenye gauni. Alikunja magoti kidogo kama alivyofundishwa.

"Shikamoo, mwalimu."

Ni jibu ambalo hata mlevi hulitoa bila kufikiri. Grasiana alifungua kinywa, na halikutoka. Alitazama pembeni, akatazama mashimo, akajaribu tena. Zamda alirudi kwenye kuchimba kwake. Na Mwaija, ambaye hakulelewa kumpa mkubwa mgongo kabla hajaitikiwa, alibaki amesimama palepale na magoti yake yamekunjwa, anasubiri.