Elektroni ya Koleo

Asubuhi ya kutetea tasnifu yake, Nanjala alipitia Adams Arcade akanunua sambusa. Ndiyo ilikuwa desturi ya idara yao ya kemia pale katikati ya jiji: anayehojiwa ndiye anayewalisha wanaomhoji. Alizilipia kwa hasira. Kuwalisha watu waliokuja kukuangusha, jamani!

Kisa kilikuwa elektroni moja. Nanjala alikuwa ametengeneza kemikali nyekundu yenye atomu ya nikeli, na kuizunguka nikeli hiyo palikuwa na ligandi, molekuli iliyoibana pande tatu kama koleo linavyobana kaa la moto. Ukiitilia chumvi ya fedha, ambayo hunyakua elektroni moja, kemikali inageuka buluu. Sasa elektroni hiyo ilikuwa ya nani? Msimamizi wake, Daktari Gerishon Waithaka, alikuwa amejijengea jina akisema ni ya nikeli. Nanjala aliandika kwamba ni ya koleo.

"Badilisha hiyo chapter," Waithaka alimwambia Ijumaa. "Ama nikuangushe mimi mwenyewe mbele ya panel."

"Niangushe basi, Daktari. Mimi sibadilishi."

Alijua anachocheza nacho. Akifeli, hakuna shahada, na nafasi ya kufundisha aliyoahidiwa ingekwenda kwa mwingine. Usiku huo alilia mpaka macho yakavimba. Hata hivyo, hakufuta neno.

Asubuhi hiyo, katika chumba cha mahojiano mlikuwa na Waithaka na mtahini wa kutoka nje, Profesa Philister Okinyi. Waithaka hakungoja hata salamu ziishe.

"Prof, huyu mkono wake unaingiza hewa. Hiyo buluu yake ni oxygen imeharibu kitu."

Wimbo huo wa mkono alikuwa ameuimba tangu Nanjala aingie maabara, mpaka wenzake wakambandika jina la Dirisha. Nanjala alihisi damu ikimpanda kichwani. Akaweka mezani neli mbili za kioo zilizozibwa kwa mpira na kujazwa gesi ya naitrojeni ili oksijeni isiingie, moja ikiwa na kioevu chekundu, nyingine cha manjano.

"Nyekundu ni ile ya nikeli," alisema. "Hii ya manjano ina koleo lile lile, lakini nikeli nimetoa, nimeweka zinc. Zinc ikishatoa elektroni zake mbili, imemaliza. Haina ya tatu. Sasa hii ikigeuka buluu, mniambie elektroni imetoka wapi."

Profesa Okinyi aliweka kalamu chini.

Nanjala akachukua bomba la sindano lenye chumvi ya fedha. Badala ya kudunga, alimnyooshea Waithaka.

"Fanya wewe, Daktari. Si mkono wangu unaingiza hewa?"

"Mimi si student hapa."

"Gerishon, dunga," Okinyi alisema. "Hata mimi nataka kuona."

Akadunga. Kwa kazi hiyo hakuna aliyeweza kumtoa kasoro. Mkono wake ulikuwa mtulivu na sindano ilipita kwenye mpira bila kuyumba. Vumbi la fedha likatuama chini ya neli. Juu yake, manjano yalififia, yakatia giza kidogo, kisha kioevu chote kikawa buluu. Buluu ile ile. Nanjala alitaka kupiga kigelegele, na alitaka kumtukana mtu, vyote kwa pamoja.

Waithaka aliinua neli dirishani, akaitikisa, akaitazama tena.

"Ni hewa, Daktari?" Nanjala aliuliza.

Waithaka aliutazama mkono wake mwenyewe. Kusema ni hewa kungekuwa kuukana mkono huo mbele ya Profesa.

"Hapana," alisema hatimaye. "Si hewa."

"Naomba iandikwe hivyo."

Okinyi akaandika. Kisha akavuta sahani, akachukua sambusa, akaisukuma sahani kwa Waithaka.

"Karibu, Daktari," Nanjala alisema. "Na ukirudi lab, uwaambie mimi naitwa Nanjala."