Kikombe cha Upande wa Mnyororo

...na kama si kutu ni nini basi, kutu tu hiyo, chuma kikinyeshewa miaka yote hiyo lazima kishikane, mama Bonge alijisemea, huku spana imemwachia mstari mwekundu kiganjani na jasho linamwingia jichoni, na kile kikombe cha chuma, kidogo kama kifuniko cha birika, kimekaa palepale kwenye tundu la chini la fremu, ekseli ya pedali inapopita, hakisogei, hakitikisiki, hata mlio hakitoi, kinamtazama tu kama mtu aliyeombwa chumvi akajifanya hasikii. Baiskeli ilikuwa imelazwa ubavu juu ya gunia katikati ya chumba, haina pedali, haina mnyororo, imevuliwa kama mgonjwa anayesubiri daktari, na kando yake mota ndani ya boksi lake, nyeusi, nzito, nzuri kupita kitu chochote kilichomo humu ndani, mota ambayo inakaa palepale pedali zinapokaa na kuvuta mnyororo pamoja na miguu, mtu akanyage kama anayetembea sebuleni na mlima upande wenyewe, lakini haiingii, haiwezi kuingia mpaka kikombe hiki kitoke... toka basi, toka, nimekukosea nini. Nje mama mkwe alikuwa anambembeleza mtoto na kusema peke yake, kwamba zamani watu waliumwa na walilima, kwamba siku hizi hata baiskeli inataka kuchajiwa kama simu, haya Bonge wa bibi, mwambie mama yako tumbo halichajiwi, na mtoto akacheka, na yeye hakucheka, akavuta pumzi, akatia spana tena, akaegemeza uzito wake wote, kushoto, kushoto, kushoto.

Saa kumi mikate ya jioni inatoka tanurini. Saa kumi mumewe atakwenda kuibeba. Amesema mwenyewe tangu asubuhi, amelala pale nyuma ya pazia akiangalia bati, mota ikiingia sawa, isipoingia rudisha pedali zangu, mimi nimepumzika vya kutosha, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama mtu anayeaga kwenda dukani, kana kwamba si yeye aliyeambiwa na daktari mbele yake yeye mkewe kwamba moyo umechoka, moyo umetanuka kama mpira uliopulizwa kupita kiasi, tambarare sawa, mlima hapana, ukipanda na mzigo hatukuahidi kitu. Na akapanda. Akapanda na kreti mbili nyuma, na wanawake wa bombani wakaja mbio kumwita, mama Bonge, mama Bonge, njoo, njoo tu usiulize, naye akakimbia na kiatu kimoja, akamkuta amekaa kwenye tope ukingoni mwa barabara, midomo imekuwa rangi ya majivu, mikate imetawanyika mpaka mtaroni, na neno la kwanza alilomwambia, baada ya yote, si nisaidie, si nakufa, alimwuliza, mikate wameiokota?... Mungu wangu, mikate. Usiku kucha alikuwa anamsikiliza kifuani kama anayesikiliza kama maji yamechemka. Ndiyo maana wifi yake alipoleta mota hii, akasema mwambieni kaka aache ubishi, yeye alilia mbele ya watu, aliyezoea kujificha jikoni wageni wakija, alilia na kamasi zikamtoka, akaona aibu, lakini alilia.

Toka. Sukuma. Akachukua kipande cha bomba, akakivika kwenye mpini wa spana urefu uongezeke, akakanyaga fremu kwa mguu, akavuta mpaka akaona vimulimuli, na kikombe kikabaki palepale, au pengine, ilimjia na kupita, pengine kimezidi kubana kuliko asubuhi, maana asubuhi mwanga ulipita pale ukingoni na sasa haupiti... macho tu hayo, njaa. Kile cha upande wa pili kilitoka chenyewe kama kifuniko cha chupa, Baba Bonge ndiye aliyemwonyesha, aliinuka kitandani akaja akachuchumaa nyuma yake, akauweka mkono wake juu ya mkono wake yeye, mkono mpana wenye harufu ya grisi na dawa, akasema kushoto, kidogo kidogo, umeona, na yeye mkewe akafurahi kama msichana. Na hiki cha upande wa mnyororo? Hiki nacho kushoto, alisema, vilevile, ila kina ubishi, tia nguvu, akarudi kulala.

“Kimekubali?” sauti ikatoka nyuma ya pazia.

“Bado.”

“Usijiumize, mama Bonge. Kikikataa kimekataa.”

Hakitakataa, alisema moyoni, kitakataaje wakati ni chuma, chuma hakina roho ya kukataa, akayamimina mafuta ya cherehani yaliyobaki yote, yakatiririka kwenye gunia, na ndipo simu ikaita pale sakafuni, fundi Gololi wa baiskeli, aliyekuwa hapokei simu zake tangu asubuhi, akaibonyeza kwa kidole chenye mafuta na sauti ikajaa chumba kizima, akaipunguza haraka.

“Shemeji! Nisamehe, nilikuwa juu ya bati huku ukweni, wameniona nina mikono wakanipandisha, hata chai sijapewa. Imefika wapi hiyo kazi?”

“Kikombe hakitoki,” akanong’ona.

“Kipi? Cha kushoto?”

“Cha kushoto kimetoka zamani. Hiki cha upande wa mnyororo.”

“Unazungusha kuelekea wapi?”

“Kushoto. Si ndiyo kufungua?”

Fundi akacheka mpaka akakohoa. “Shemeji, we! Unakikaza hicho! Cha upande wa mnyororo kimechongwa kinyume, kinafunguka kwa kulia, kisije kikajilegeza mtu anapokanyaga. Utazungusha mpaka Bonge aoe! Kwani mwenyewe hayupo hapo?”

“Yupo.”

“Sasa si umuulize? Huyo ndiye aliyenifundisha mimi. Nilikosea hivyohivyo siku ya kwanza, akanipiga kofi la kisogo, nalikumbuka mpaka leo. Mpe simu nimcheke.”

“Amelala,” alisema, akakata, na hakuwa amelala, kitanda kilikuwa kimya kwa namna ambayo mtu aliyelala hawi kimya... basi amesahau. Dawa hizi zinasahaulisha, juzi alitafuta kofia na imo kichwani, kwa nini hili asisahau, mtu anaumwa, ndiyo, amesahau tu. Lakini mkono ule juu ya mkono wake haukusahau cha kushoto kinaendaje. Mkono ule uliofungua na kufunga vikombe vya baiskeli za mtaa mzima kabla ya kubeba mikate, mkono unaojua spana ipi bila kutazama. Na hakumtazama alipokuwa anasema vilevile, sasa analiona, yeye ambaye kila akisema humkazia macho mpaka mtu anainama, alisema vilevile akiwa anatazama mlango. Na akarudi kulala. Na akamsikia akihema juu ya chuma hiki, akiguna, akikitukana kwa sauti ndogo, akakaa kimya, kikikataa kimekataa... Baba Bonge. Wewe. Umeniweka hapa nikukazie kikombe mwenyewe.

Nje mama mkwe alikuwa anasema kitu kuhusu nepi. Kwa nini? Kwa nini mtu akwepe kitu cha kumponya, na hapo, bila kuitwa, akamjia mawazoni mwenye tanuri la mikate, siku ile alipokuja kumjulia hali, tumbo mbele, akaiona mota akaizunguka kama anayenunua ng’ombe, akasema eh, kumbe sasa hata mama Bonge anaweza kunipelekea mikate, mwenzetu akae kivulini alee, na watu wakacheka, na yeye, yeye asiyesema mbele za watu, akasema, naweza. Neno moja. Alisema kwa furaha, ili mumewe ajue hatakufa kwa ajili ya kreti mbili. Baba Bonge alicheka kuliko wote. Jioni ile hakula, wakasema ni moyo... na kweli ulikuwa moyo. Kumbe toka siku ile anaitazama hii mota kama mtu anayetazama jeneza linavyopimwa, anajiona amekaa mkekani na mtoto mapajani, anasikia baiskeli yake inapita nje na siye yeye aliye juu yake, na ameona bora tope, bora mikate mtaroni, bora wanawake wa bombani waje mbio tena. Na mimi je? Hasira ikampanda, alitaka kulirarua pazia lile, na mimi, na huyu anayecheka nje, sisi tuokotwe na nani, sisi tumepimwa wapi kwenye hesabu zako? Akaigeuza spana, akaiweka upande wa pili, tayari kwa kulia, na akahisi mara moja tu, kwenye mfupa wa kidole, kwamba kingetoka, sukumo moja na kingetoka, mota ingeingia kabla ya saa kumi, kila kitu alichokiomba tangu alfajiri kiko hapa chini ya kiganja chake... na hakusukuma. Maana aliona mbele yake kama anavyouona mlango: mota imeingia, inang’aa, na mume wake akiipita bila kuigusa, akiwa ameshika viatu mkononi. Asubuhi nzima amepigana na chuma. Chuma hakikuwa na ugomvi naye.

“Kimeshindikana?” sauti ikauliza, na sasa ndipo aliposikia kwamba mlikuwa na matumaini ndani yake.

“Hakijashindikana,” alisema, na sauti yake ikatoka kubwa kuliko alivyozoea. “Kinafunguka kwa kulia.”

Kitanda kikalia nyuma ya pazia.

“Sitakifungua mimi, Baba Bonge. Nikikifungua mimi utaazima baiskeli ya jirani isiyo na mota.”

Akasubiri acheke, akasubiri aseme umerukwa na akili mwanamke, jirani gani, alitamani sana alisikie neno hilo, lakini nyuma ya pazia kulikuwa kimya, kimya kirefu, na kwa kimya kile akajua kwamba baiskeli ya jirani ilikuwa imeshaazimwa. Basi hakulia. Spana ilikuwa imeshika kikombe, kikombe kimeshika fremu, gunia linaendelea kuloa mafuta. Akajisogeza taratibu ukingoni, akaacha nafasi ya mtu mmoja kukaa mbele ya mpini wa spana.