Sahani ya Joakim

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia Bariadi na malori yao, chama cha ushirika kiliyumba, na Joakim, aliyekuwa mpimaji wa pamba tangu ujana wake, akapunguzwa kazi. Kabla msimu haujaisha akagundulika ana kisukari. Alirudi kutoka hospitali, akaketi kwenye kigoda, akamwambia mkewe, "Minza, wamenikataza kila kitu kitamu. Wameniachia wewe tu."

Minza alicheka. Kisha akamshughulikia mumewe kwelikweli. Alimpikia ugali kidogo wa mtama, samaki wa kuchemsha na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa. Chai alimpa bila sukari. Asubuhi alimpa vidonge na kusimama mbele yake mpaka avimeze, halafu wakaenda shambani kwa miguu. Joakim alikonda, lakini macho yaliacha kuona ukungu na ile kiu ya kutisha ikamtoka.

Krismasi ikakaribia. Zamani, enzi za uhaba, soda ilikuwa ya kuvizia. Sasa maduka yalipanga kreti mpaka vibarazani, na bia za kopo juu yake. Domitila, dada mkubwa wa Joakim, alifika kutoka Kiloleli na gunia la mchele. Alipomwona nduguye alilitua gunia, akamfuata Minza jikoni.

"Wifi, umemfanya nini mdogo wangu? Amebaki mifupa."

"Ni ugonjwa, wifi. Daktari amesema ale kwa kipimo."

"Daktari hasikii yanayosemwa. Nyumbani wanasema tangu akose mshahara unamnyima chakula."

Minza aliendelea kuchambua mchele.

Siku yenyewe, baada ya misa, nyumba ilijaa. Walikuja majirani na wale waliofanya kazi na Joakim kwenye chama. Minza aliandaa pilau na nyama ya mbuzi, kisha akamwekea mumewe bakuli lake pembeni. Ngeleja, rafiki yake wa siku nyingi, akatania: "Bwana mizani! Siku hizi na wewe unapimwa?"

Watu wakaangua kicheko. Joakim naye alicheka, kisha akainuka taratibu, akaenda jikoni.

"Minza, kazi wameichukua. Leo niache nile na wenzangu. Nisiwe mgonjwa mbele ya wageni wangu."

Minza alimtazama. Kwa miezi yote ile Joakim hakuwahi kumwomba kitu.

"Kidogo tu," Minza akasema.

"Kidogo tu," Joakim akaitikia.

Alimpakulia kwa mkono wake mwenyewe. Joakim alikula, akasimulia visa vya kwenye mizani mpaka watu wakashika mbavu, na Minza, akiwa amesimama mlangoni, akamwona tena yule mwanamume aliyemuoa. Hakuwa na moyo wa kumzuia alipofungua soda, wala alipofungua bia. Jioni Joakim alivikataa vidonge, akisema havipatani na pombe, atameza kesho.

Kesho yake wageni wengine walikuja. Kiu ilirudi, na kila Joakim alipoomba kitu cha baridi, Domitila alimfungulia soda, akimpapasa bega kwa upendo. Minza alikuwa amezama kwenye masufuria. Alisema mara moja, "Wifi, mpe maji," akajibiwa kwamba sikukuu haiji kila siku.

Asubuhi iliyofuata Joakim alimwita mkewe kwa jina la mama yake marehemu. Alikuwa akihema kwa nguvu, midomo imekauka. Ngeleja aliomba pikapu ya mnunuzi wa pamba wakamkimbiza hospitali. Wauguzi walihangaika naye, wakamtundikia dripu, lakini hakuzinduka. Alifariki kabla ya mchana.

Msibani, Minza alisikia wanawake wakinong'ona nyuma yake kwamba alimlisha mgonjwa pilau kusudi. Walewale waliosema anamnyima. Hakugeuka. Ni Domitila aliyesimama, khanga ikimdondoka kichwani.

"Mwacheni mke wa ndugu yangu! Soda nilimpa mimi. Mimi, kwa mkono huu!"

Akaanguka chini, akalia mpaka sauti ikakauka.

Matanga yalipokwisha, Minza alimsindikiza wifi yake stendi, amembebea mfuko. Basi lilipokuwa linataka kuondoka, Domitila alimshika mkono kupitia dirishani.

"Mayu, mama, nisamehe."

Minza alifungua kinywa, lakini akaliona tena lile pilau la Krismasi, na upawa mkononi mwake mwenyewe. Aliushika kwa nguvu ule mkono wa wifi yake mpaka basi lilipomnyang'anya, akabaki amesimama kwenye vumbi, akilia kwa sauti mbele ya watu, kwa mara ya kwanza tangu wamzike.